Seven Chances (1925): Tamthilia ya Sebuleni Iliyotolewa Mbio Barabarani

Buster Keaton, mchekeshaji wa filamu bubu wa Marekani, hakuipenda tamthilia iliyozaa filamu hii, na mtazamaji makini ataona kwamba kutoipenda huko ndiko kulikoiokoa. Tamthilia yenyewe, Seven Chances ya Roi Cooper Megrue, ilipanda jukwaani New York mwaka 1916 chini ya David Belasco, mtayarishaji aliyekuwa na jina kubwa katika maonyesho ya jukwaani ya Marekani wakati huo. Ni kichekesho cha maneno, ambamo mwanamume anaposa, anakataliwa, kisha anaposa tena. Haki zake zilinunuliwa na Joseph M. Schenck, mtayarishaji wa filamu za Keaton ambaye pia alikuwa mwanyumba wake, kwa kuwa wawili hao walikuwa wameoa ndugu wa tumbo moja, Norma na Natalie Talmadge. Mzigo ukiletwa na mwanyumba ambaye ndiye pia anayetoa fedha, si rahisi kuukataa, na Keaton akaubeba. Filamu aliyoiongoza na kuigiza mwenyewe ilitoka Machi 1925, ikiwa na urefu wa dakika 56 hivi, na leo hutajwa hasa kwa ajili ya dakika zake za mwisho, ambazo jukwaa lolote duniani lisingeweza kuzibeba. Mimi naona nusu ya kwanza nayo inastahili heshima kuliko inayopewa, na kwamba ina doa ambalo sifa za nusu ya pili hazilifuti.

Hadithi yote imening'inizwa kwenye sharti moja la wosia. Jimmie Shannon ni dalali kijana ambaye yeye na mshirika wake, Billy Meekin, anayeigizwa na T. Roy Barnes, wametumbukizwa katika biashara ya hila na sasa wanaikodolea macho fedheha, pengine hata jela. Anapotokea mzee mmoja mfupi mwenye uso uliokunjamana, akiwaandama na karatasi mkononi, wanadhani ni mtu wa mahakama na wanamkwepa kila anapojitokeza. Mzee huyo, ambaye kwa kweli ni wakili (Snitz Edwards, mwenye uso ambao ni kichekesho kabla hajafanya lolote), analazimika hatimaye kuibandika karatasi yake kwenye kioo cha dirisha la klabu walikokimbilia, ili waisome wakiwa ndani. Ndipo inapojulikana kuwa babu yake Jimmie amemwachia dola milioni 7, alimradi awe ameshaoa itakapofika saa moja jioni ya siku anayotimiza miaka 27. Siku yenyewe ndiyo hiyo hiyo.

Sharti kama hili ni mali ya jukwaani hasa. Mwandishi wa tamthilia hupenda saa inayokaribia, hati inayosomwa kwa sauti, na mlango unaofunguliwa na mtu asiyetarajiwa, kwa sababu vitu hivyo vitatu vinatosha kuwaweka watu wa chumba kimoja katika taharuki ya saa mbili bila kuhitaji farasi wala treni. Keaton na waandishi wake, Clyde Bruckman, Jean Havez na Joseph Mitchell, walikuwa na akili ya kutoligusa sharti. Waliacha wosia, saa, na orodha ya wanawake saba inayoipa filamu jina lake, kisha wakaanza kujiuliza jambo ambalo waigizaji wa Belasco hawakuhitaji kujiuliza, yaani posa itaonekanaje mahali ambapo hakuna anayeisikia.

Jibu la kwanza limo katika utangulizi, kabla wosia haujatajwa. Jimmie amesimama kwenye lango la nyumba ya Mary Jones (Ruth Dwyer) na anataka kumwambia kwamba anampenda, lakini hasemi. Majira ya joto yanapita, majani yanapukutika, theluji inafunika ua, maua yanarudi, na kila tunaporudi langoni wawili hao wamesimama pale pale, naye hajasema kitu. Kinachokua ni mbwa tu: msimu wa kwanza ni kitoto kinachoweza kubebwa kwa mkono mmoja, na kufikia msimu wa mwisho ni dume kubwa. Sehemu hii ilipigwa kwa mfumo wa awali wa Technicolor wa rangi mbili, ulionasa wekundu na ukijani lakini ukashindwa kutoa bluu ya kweli, na rangi hizo, japo zimefifia, zimebaki hadi leo na zinaupa ua ule hali ya kadi ya salamu iliyokaa sandukuni miaka mingi. Ninachokistahi hapa ni uamuzi wenyewe. Waongozaji wengi waliochukua tamthilia katika enzi ya filamu bubu waliuona ukimya kama upungufu wa kufidiwa, wakaijaza skrini vibao vya maandishi. Keaton anaanza na mtu ambaye hata angepewa sauti asingeitumia, na kwa hiyo ukimya unakuwa tabia ya mhusika.

Baada ya wosia kusomwa, Jimmie anamkimbilia Mary, na hapa panahitaji kutazamwa polepole. Anaingia kwenye gari mbele ya klabu, anakaa, anashika usukani. Gari halisogei hata shubiri moja. Klabu iliyo nyuma yake inafifia, nyumba ya akina Mary inajitokeza mahali pake, na Jimmie anashuka kana kwamba amesafiri. Mambo yakishaharibika kwa Mary anapanda tena, na safari ya kurudi inakwenda kwa mtindo ule ule. Leo kijana mwenye simu anaweza kufanya hivyo akiwa kitandani, lakini mwaka 1925 mpiga picha Elgin Lessley na wenzake walilazimika kuhakikisha kwamba gari na mtu aliyemo viko mahali pale pale mbele ya kamera katika sehemu mbili tofauti kabisa, kwa umbali ule ule na pembe ile ile, na kazi hiyo waliifanya kwa vifaa vya wapima ardhi. Kosa la sentimita chache lingefanya gari liruke na kichekesho kife.

Wengi huisifia mbinu hiyo kwa sababu ya ufundi wake, nami siwapingi, ila naona kuna utani mwingine ndani yake. Kumbadilishia mwigizaji mandhari nyuma ya mgongo wake huku yeye akiwa hajasogea ni jambo la jukwaani tangu zamani: pazia lililochorwa bustani linapandishwa, lililochorwa sebule linashushwa, na watazamaji wanakubali kwamba tumehama. Keaton ameichukua desturi hiyo ya jukwaani, akaitia ndani ya sinema, yaani chombo ambacho kingeweza kutuonyesha barabara nzima kuanzia klabu hadi nyumbani, na kwa kufanya hivyo ameifanya ionekane ya kichawi na ya kijinga kwa wakati mmoja. Ukikumbuka kwamba alikulia jukwaani, akipanda na wazazi wake tangu utotoni katika kundi la The Three Keatons, utaelewa kwamba aliyekuwa akiitania sanaa ile alikuwa mwenyeji wake.

Posa kwa Mary inaharibika kwa namna ambayo mwandishi wa jukwaani angeiandikia kurasa kadhaa. Mary anakubali, furaha imemjaa usoni. Jimmie, badala ya kunyamaza kama alivyonyamaza misimu minne, anaamua leo kueleza: lazima aoe mtu siku hiyo hiyo, ni kwa ajili ya urithi, na kwa jinsi anavyolieleza inaonekana mtu yeyote angefaa. Tunayaona maneno kwa vibao vichache tu, kisha tunaachiwa uso wa Ruth Dwyer, unaopoa hatua kwa hatua mpaka kukataa kunakuwa jambo la heshima. Dwyer hana mengi ya kufanya katika filamu hii, lakini hapa anaifanya kazi yake barabara. Baadaye Mary anajuta na kumtumia Jimmie ujumbe, na kuchelewa kwa ujumbe huo ndiko kunakoendesha yanayofuata.

Klabuni, Meekin anaandika orodha ya wanawake saba anaowajua Jimmie waliomo humo, na msururu wa kukataliwa unaanza. Ndipo wakosoaji wengi wanapopiga miayo, wakisema tumeketi kwenye tamthilia tukisubiri filamu ianze. Siafiki. Hatari ya kupeleka posa saba mfululizo ni kwamba ya tatu itafanana na ya pili, na jukwaani dawa yake ni kumpa kila mwanamke kauli yake kali. Keaton anampa kila mwanamke mahali pake. Mmoja yuko kwenye roshani, kwa hiyo posa inarushwa juu kama karatasi iliyokunjwa, na jibu linateremka vipande vipande juu ya kichwa cha Jimmie kama theluji. Mwingine anapanda ngazi. Jimmie anapanda pamoja naye akiposa, wanapotea juu, na sekunde hiyo hiyo anaonekana akishuka na mwanamke mwingine, posa ikiendelea bila kukatika. Binti mmoja aliyeketi kwa madaha anageuka kuwa mtoto mdogo pale mama yake anapomvua koti la kikubwa. Kila jaribio ni fupi kuliko lililotangulia, hadi inafika mahali kutikisa kichwa kunatosha. Mtu akitaka kujua jinsi mazungumzo yanavyoweza kuhamishiwa kwenye ngazi, dirisha na roshani, dakika hizi zitamfaa kuliko hata ile mbio maarufu.

Katika klabu hiyo hiyo, mwenye jicho kali atamwona Jean Arthur kwa muda mfupi sana, bila jina lake kutajwa kwenye orodha ya waigizaji, miaka kadhaa kabla hajawa nyota wa vichekesho vya mwongozaji Frank Capra.

Keaton mwenyewe anaigiza akiwa na uso ule ule uliompa jina la Uso wa Jiwe, na inafaa kusema kwamba si kweli kuwa uso huo hausemi kitu. Unasema kidogo na kwa kuchelewa. Mwanamke anapomcheka, yeye huinamisha kichwa kidogo sana, kama mtu aliyepewa taarifa ya kiofisi, kisha macho yanamtafuta anayefuata. Barnes, aliye kando yake, anaigiza kwa mikono na kinywa kama mtu anayehakikisha hata aliyekaa kiti cha nyuma kabisa ukumbini anamwelewa. Wanapokuwa pamoja kwenye picha moja utaona shule mbili za uigizaji zimesimama bega kwa bega, na jinsi ile ya kelele inavyochakaa upesi.

Jimmie akitoka klabuni anaanza kuposa barabarani, na hapo ndipo penye doa nililolitaja. Nianze na mzaha unaohitaji maelezo kwa mtazamaji wa leo. Anaona bango la mwanamke mrembo nje ya ukumbi wa maonyesho, anaingia kwa mlango wa nyuma kwenda kumposa, na akiwa ndani, sanduku lililokuwa limeziba sehemu ya bango linaondolewa na jina linasomeka: Julian Eltinge. Huyu alikuwa mwanamume aliyepata umaarufu mkubwa kwa kuigiza wanawake, na mtazamaji wa 1925 aliangua kicheko kwa kulisoma jina tu. Jimmie anatoka kofia ikiwa imebonyea. Mzaha huu umejengwa vizuri, kwa sababu tunajua kabla yake, na picha ya kofia inatosha kueleza kilichotokea ndani. Umejengwa vizuri pia ule wa kinyozi, ambapo anayeposwa anagundulika kuwa ni sanamu, kichwa kikabaki mkononi.

Lakini katika mfululizo huo huo, Jimmie anamfuata mwanamke aliyempa mgongo, anamkaribia, anagundua kwamba ni mtu mweusi, na anageuka kuondoka. Hakuna zaidi ya hapo. Mwingine anafungua gazeti lenye herufi za Kiebrania, naye anaachwa vivyo hivyo. Na yule mfanyakazi wa shamba anayetumwa na Mary kupeleka ujumbe, akijikokota juu ya farasi mchovu, ni Jules Cowles, mwigizaji mzungu aliyepakwa rangi nyeusi usoni, akiigiza mtu mweusi mzito wa akili na wa miguu. Mtazamaji wa Kiafrika hahitaji kukumbushwa na mtu kwamba zilikuwa nyakati tofauti. Nyakati zile zilikuwa na watu weusi ndani yake, nao waliyaona mambo haya. Ili mzaha wa yule mwanamke ufanye kazi, ni lazima ukumbi mzima uwe umeshakubaliana kwamba ndoa kama hiyo haiwezekani hata kufikiriwa, na kwa hakika sheria ilikubaliana nao: California, ambako filamu hii ilipigwa, ilipiga marufuku ndoa kati ya mzungu na mweusi mpaka mahakama ya jimbo ilipoitengua sheria hiyo mwaka 1948, na kwa nchi nzima marufuku za aina hiyo ziliendelea katika baadhi ya majimbo hadi 1967.

Naliona pia kama tatizo la sanaa, wala silitaji ili kumpunguzia mtu lawama. Kumpaka mzungu rangi nyeusi ili achekeshe kulitoka moja kwa moja kwenye majukwaa ya burudani ya Marekani ya karne ya 19, na ni kitu pekee ambacho Keaton alikichukua kutoka jukwaani bila kukibadilisha hata chembe. Kila mahali pengine katika filamu hii anauliza jambo la jukwaani litageuzwaje liwe picha. Hapa haulizi. Polepole ya yule mjumbe haina ubunifu wowote: hakuna njia ya ajabu anayopita, hakuna kizuizi anachokitatua, tofauti kabisa na jinsi mwili wa Jimmie unavyoshughulikiwa. Anayepanga kuitazama na watoto ajiandae kulizungumza, kwa sababu watoto huuliza.

Meekin, akiwa hana tena matumaini na orodha yake, anapeleka habari gazetini: yupo kijana atakayerithi mamilioni, anatafuta mke, na anayetaka afike kanisani saa kumi na moja jioni akiwa amevaa mavazi ya bibi harusi. Jimmie anatangulia, anakaa benchi la mbele na kupitiwa na usingizi. Nyuma yake wanaanza kuingia. Anaingia mmoja mwenye shela, kisha wawili, kisha kundi, wa kila umri na kila umbo, hadi mabenchi yanajaa na milango haifungiki. Kamera haitikisiki, imetulia mbele ikimwonyesha mlalaji, na kanisa linavyojaa nyuma yake ndiyo kazi yote ya picha. Mchungaji anapotokea na kuwaambia kwamba huenda wote wamefanyiwa mzaha na mtu asiye na adabu, mamia ya mabibi harusi wanageuka kwa pamoja kumtafuta mtu huyo.

Kuanzia hapo tamthilia imekwisha na miguu imechukua nafasi. Siwezi kuieleza mbio yote, wala haitakiwi kuelezwa, lakini nitataja picha mbili. Katika ya kwanza, Jimmie anatembea katikati ya barabara tupu, mtulivu, hajui lolote. Nyuma yake, mbali kwenye kona, weupe unajitokeza, unapanuka, unajaza barabara kutoka ukuta hadi ukuta, na bado anatembea. Katika ya pili, mabibi harusi wanapita penye ukuta wa matofali unaojengwa, na kila mmoja anachomoa tofali lake. Wakishapita, ukuta haupo. Wanaliteka tramu, wanapita katikati ya uwanja wa mpira wa Kimarekani na kuwaacha wachezaji wamelala chini, na polisi ambao Jimmie alidhani atajificha miongoni mwao wanatimka kabla yake. Lipo la kulalamikia hapa pia, kwamba wanawake waliokuwa na sura na hiari zao klabuni wamegeuzwa kuwa kundi lisilo na jina, na kwamba Mary, ambaye ndiye aliyekuwa na hoja, ameachwa nyumbani akisubiri. Ila sikubaliani na wanaosema filamu inawadharau tu. Walioitwa gazetini walikuja kwa sababu waliahidiwa ndoa, na wakaaibishwa hadharani. Hasira yao ina msingi, na Keaton anaikimbia kama mtu anayejua kwamba ina msingi.

Kisa cha mawe kimesimuliwa mara nyingi, na Keaton mwenyewe alikuwa akikisimulia. Filamu ilipoonyeshwa kwa majaribio, mbio ile ilikuwa ikimalizika bila kishindo, na watazamaji walicheka kwa adabu tu. Kisha, Jimmie alipokuwa akiteremka mlima, aligonga mawe bila kukusudia, na mawe matatu yakaporomoka nyuma yake kama yanayomfukuza. Ukumbi ukaamka. Filamu ilikuwa karibu kukatika pale, kwa hiyo Keaton alirudi na watu wake, wakatengeneza mawe ya bandia yapatayo 1,500, kuanzia ya ukubwa wa mpira hadi ya kimo cha futi 8, wakayaachia mlimani. Kinachotazamwa leo ni mtu mmoja mdogo kwenye mteremko mkubwa, akiyakwepa, akiyaruka, akikimbia kuelekea chini kwa sababu kusimama ni kusagwa. Mawe ni mepesi, lakini mteremko ni wa kweli na mwili ni wa kweli, na kamera imewekwa mbali makusudi ili tusidanganywe. Ukaribu wa kamera ungemfanya aonekane shujaa, lakini kwa umbali ule ni kiumbe kilichokosea njia. Halafu linakuja jambo ninalolipenda kuliko yote: chini mabibi harusi wanampandia, juu mawe yanamteremkia, naye yuko katikati akilazimika kuamua yapi ni afadhali.

Mwisho wenyewe unarudi kwenye saa, na kwa haki, kwa kuwa saa ndiyo iliyotushika tangu mwanzo. Kabla ya hapo Keaton ameshatuchezea nayo dukani kwa fundi saa, ambako Jimmie anaingia kutaka kujua muda na kukuta saa zote ukutani zinasema tofauti, na ya fundi mwenyewe imesimama. Anapofika kwa Mary amechakaa, amechelewa kwa mujibu wa saa ya mfukoni ya Meekin, na anakataa kumtia Mary katika fedheha yake bila fedha. Kilichosalia kinategemea saa ya nani ni sahihi, nami sitakisema.

Ni vizuri kuilinganisha na The Saphead ya 1920, filamu ndefu ya kwanza ya Keaton, nayo pia imetokana na jukwaa. Kule alikuwa mwigizaji tu chini ya mwongozaji mwingine, na kwa sehemu kubwa anaingia chumbani, anasimama, anaondoka, akisubiri watu wengine wamalize mambo yao. Mpaka mwishoni, kwenye soko la hisa, ndipo anapopewa nafasi ya kurukaruka. Miaka 5 baadaye, akiwa na uamuzi mkononi, ameutoa mkasa wa chumbani na kuupeleka mlimani. Siiweki Seven Chances juu ya The General iliyofuata mwaka 1926, kwa sababu ile imeshonwa kwa uzi mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, na hii ina mshono unaoonekana katikati. Lakini kwa anayependa kuona kazi ikifanyika, mshono huo unafundisha zaidi.

Kwa anayetaka kuitazama, habari njema ni kwamba tangu mwanzoni mwa 2021 haki miliki yake imekwisha nchini Marekani, na nakala za bure zimejaa mtandaoni. Habari mbaya ni kwamba nakala hizo hazilingani. Zipo ambazo utangulizi wa rangi umebaki kijivu kitupu, hivyo misimu minne inafanana na mbwa peke yake ndiye anayekueleza kwamba muda umepita. Zipo ambazo picha imekatwa pembeni, jambo linaloua kabisa ile picha ya barabara inayojaa. Tafuta iliyofanyiwa ukarabati, uhakikishe dakika za mwanzo zina wekundu na ukijani, na uitazame kwenye skrini kubwa kadiri unavyoweza, kwa sababu mlimani Keaton ni mdogo sana na kwenye simu atakuwa nukta. Vibao vya maandishi ni vya Kiingereza lakini ni vichache na vifupi, na mtu mmoja akivisoma kwa sauti vile wasimulizi wa vibanda vya video wanavyofanya, hakuna atakayeachwa nyuma. Kuanzia kanisani hata msomaji huyo anaweza kupumzika. Suala la muziki ni la bahati, kwa kuwa kila mwenye nakala ameubandika wake, na baadhi wameweka piano ya haraka isiyopumzika hata pale Jimmie anapolala benchini. Ukikuta hiyo, zima sauti.